Waliopanda treni ya Pugu, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Siku hizi kila mtu anaongelea SGR, reli mpya ya kisasa, mimi naomba leo tuizungumzie treni ya Pugu, ile ya abiria wa mjini inayopita reli ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo hapa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, ile tuliyoiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilikuwa inaishia Ubungo. Sisi wa njia ya Pugu tulisubiri hadi 2016.

Naanza mimi. Nilikuwa sekondari, nakaa Gongo la Mboto, nasoma mjini. Alfajiri kituoni konda anaona sare tu, anatandaza mkono mlangoni: "Wanafunzi wawili, wawili tu!" Daladala zinapita, sisi tumesimama. Kwenye treni hakuna aliyewahi kunizuia mlangoni. Naingia, naegemea karibu na dirisha, daftari mkononi, tukifika Vingunguti nimeshapitia somo. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko hata nauli. Karibuni.

*Mdau wa Pugu Kajiungeni:* Umenigusa. Mimi nina kibanda Kariakoo, nashuka kituo cha Kamata namalizia kwa mguu. Kabla ya daraja la juu la Mfugale kufunguliwa 2018, taa za makutano ya Tazara zilikuwa zinatumaliza kwenye daladala. Jengo la Tazara unaliona lile pale, gari haliendi, na mteja wa asubuhi hakusubiri. Treni ndiyo iliyoniokoa.

*Mdau wa Buguruni:* Mimi napanda jioni tu. Kujaa inajaa, lakini mjamzito akiingia watu wanampisha bila kuambiwa. Nimeliona kwa macho yangu.

*Mzee wa Tabora:* Wanangu, mimi nimesoma Pugu Sekondari, shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere hadi 1955, ila mimi ni wa baadaye. Likizo tulipewa waranti, yaani hati ya kusafiria bila kulipa nauli, mtu na sanduku lake la bati, tunarudi bara kwa treni. Furaha ile siwezi kuieleza.

*Mleta uzi:* Shikamoo mzee. Mlikuwa mnapandia Pugu palepale?

*Mzee wa Tabora:* Marahaba. Hapana, tulikuwa tunashuka kwanza mjini, Stesheni. Ukiisubiri Pugu unaikuta imejaa, unasimama na sanduku lako mpaka Morogoro.