Naombeni ushauri: nifute hii video au niiache?

Mvita_Leo (mwanzilishi wa uzi)
Habarini wakuu. Mniwie radhi kwa maandishi marefu, ila usingizi sipati.

Nina peji ya habari za mtaani hapa Mombasa. Si kubwa kama za wenyewe, lakini watu wanaifuata, hasa Kisauni na Likoni. Naposti ajali, mafuriko, foleni ya feri, maji yakikatika, harusi zikinoga. Juzi nilikuwa sokoni Kongowea nikakuta zogo upande wa vitunguu. Watu wamemzunguka mama mmoja, wanasema ameiba simu. Nikatoa yangu, nikarekodi kama kawaida, nikaposti. Wallahi imekwenda, peji yangu haijawahi kuona watu wengi hivyo. Hata runinga moja imeniandikia ikiiomba.

Sasa kaka yake huyo mama amenipata. Anapiga asubuhi, anapiga jioni, ati niifute. Swali langu ni moja tu: kisheria nalazimika? Si pale ni sokoni, mahali pa watu wote? Simu ni yangu, bando ni langu. Nataka ushauri, matusi sitaki.

TuktukStage
Wa kwanza leo. Sasa ushauri tutautoaje na hatujaiona video?

Binti_Kibokoni
Kaka, huyo mama alifanywa nini? Kuzungukwa tu hakuwezi kukuletea watu wote hao mpaka runinga ikakutafuta.

Mvita_Leo
Walimpekua. Mambo ya sokoni hayo. Naomba tujibu swali: sheria inasemaje?

Wakili_Pori
Sheria inasema hivi. Video uliyorekodi hakimiliki ni yako, hapo huna wasiwasi. Sura iliyomo ndani si yako. Katiba kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Usidhani ni maneno ya karatasini. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikapigwa milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuzikubali. Huyo kaka akiandika malalamiko, yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Utasema wewe ni mwandishi wa habari. Sawa, sheria inawaachia waandishi nafasi, lakini lazima uonyeshe kuna maslahi ya umma. Umma wa Mombasa umefaidika nini na mama kupekuliwa?

Mvita_Leo
Umma umefaidika kujua kuna wezi sokoni. Watu wanaibiwa simu Kongowea kila siku.

Binti_Kibokoni
Simu ilipatikana kwake?

Mamu_wa_Majengo
Vijana wa siku hizi! Akiona mtu aanguka, mkono wa kwanza waenda mfukoni kutoa simu. Tulifunzwa kusitiriana. Anayemsitiri mwenziwe Mwenyezi Mungu atamsitiri siku ambayo hakuna pa kujificha. Na tumeamrishwa, akija mtu mpotovu na habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwanza hiyo peji ina faida gani? Mwanangu wa tatu alikuwa na peji kama hiyo, akaacha chuo, leo ndiye ananiomba nauli ya matatu.

TuktukStage
Mamu, mwambie aje stejini, tuna tuktuk haina dereva.

Mamu_wa_Majengo
Leseni hana.

MzeeWaRedio
Shikamooni na marahaba, kila mtu achukue yake. Nimefanya kazi ya habari miaka mingi kabla ya hizi simu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipopinduka Mtongwe watu walikufa 272. Mimi nilikuwa zamu. Jioni alikuja bwana mmoja na majina ya maiti aliowatambua, kayaandika nyuma ya pakiti ya sigara. Tulikuwa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku mbele yetu na hakuna chombo kingine kilichokuwa na majina. Mhariri wetu aliichukua ile pakiti akaitia kwenye droo, akafunga, ufunguo akatia mfukoni. Akasema nyumba za hawa hazijaambiwa. Tulimkasirikia sana, nami nilikuwa mmoja wao. Huyo mhariri alikuwa mkali ajabu, hata chai alikuwa hanywi na sisi, anakuja na chupa yake kutoka nyumbani, tangawizi tupu. Mkewe alikuwa anatoka Lamu, wapishi wa kweli wale, sijapata kula mkate wa mofa kama wake.

Nilikuwa nataka kusema nini? Eeh. Kanuni za maadili ya uandishi zilizo ndani ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinasema habari ikionekana si sahihi irekebishwe upesi. Kwa hivyo lile swali la binti ndilo swali. Simu ilipatikana wapi?

Bahari_Kuu
Mimi nilikuwa ng'ambo ya Likoni tarehe 29 Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri, mama na mtoto wake ndani. Kipande kile kikazunguka kila simu. Walikuja kutolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo jamaa zao wamekaa ufukweni wanangoja, na sisi mabarazani twaonyeshana: "wewe umeiona hii?" Mimi pia nilionyeshwa, na nilitazama.

Ila sitaki kusema watu wasirekodi. Bila ile video tungeambiwa mengine kuhusu feri ile.

Binti_Kibokoni
Nauliza mara ya tatu. Simu ilipatikana kwake?

Mvita_Leo
Haikupatikana kwake. Ilikuwa imeteleza katikati ya magunia.

Binti_Kibokoni
Ikaonekana lini?

Mvita_Leo
Jioni ile ile. Mwenye simu mwenyewe ndiye aliyenieleza.

Binti_Kibokoni
Kwa hivyo unajua tangu jioni ile kwamba si mwizi. Na kichwa cha video kinasema nini?

Mvita_Leo
Kinasema "Mwizi wa simu anaswa Kongowea". Lakini wakati naandika ndivyo ilivyokuwa ikisemwa pale. Na nimerekebisha, niliandika kwenye komenti kwamba simu imepatikana.

TuktukStage
Komenti ya ngapi, ami?

Mvita_Leo
Siwezi kujua, komenti ni nyingi.

TuktukStage
Basi mtu atashuka mpaka Mtwapa ndiyo aione.

Wakili_Pori
Sasa umebadilisha kesi yote. Mwanzo ilikuwa faragha. Hivi sasa umemwita mtu mwizi, unajua si mwizi, na umeiacha. Hiyo ni kashfa, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 nayo iliweka kosa la kuchapisha uongo kwa kujua. Kubadilisha kichwa ni kazi ya nusu dakika.

Mvita_Leo
Nikibadilisha kichwa video inakufa. Mnaongea kama hamjui mtandao unavyofanya kazi. Na mbona kila mtu ananishukia mimi? Yule msichana wa Marekani aliyemrekodi polisi akimkandamiza George Floyd 2020 alipewa heshima ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule kwao, mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka 17, simu tu mkononi. Hakuna aliyemwambia afute. Angeizima ile simu polisi wangesema mtu alikufa kwa ugonjwa.

Bahari_Kuu
Hilo nililitarajia. Yule alimrekodi mtu mwenye bunduki na sare, akimwonea asiye na kitu. Wewe kamera yako ilimtazama nani? Wale waliokuwa wanampekua, sura zao zimo?

Mvita_Leo
Hazimo sana. Nilikuwa nimesimama upande wao.

Bahari_Kuu
Ahsante. Huo ndio upande uliosimama.

Mamu_wa_Majengo
Wamempekua vipi? Mtandio wake ulibaki kichwani?

Mvita_Leo
Ulianguka. Si mimi niliyeuvua, Mamu. Na buibui lilivutwa kidogo begani. Lakini ndani alikuwa amevaa.

Mamu_wa_Majengo
La haula. Na umeiacha watu watazame. Una mama wewe?

MzeeWaRedio
Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa na magaidi Nairobi, gazeti la New York Times liliweka picha ya waliouawa wamelala mezani pale mkahawani. Wakenya tuliwaka moto, Baraza la Vyombo vya Habari likawaandikia waiondoe. Tulisema wazungu hawatuheshimu, maiti zao hawaziweki. Nami nilisema, na bado nasema. Lakini juma lile lile kwenye simu yangu niliingiziwa picha mbaya kuliko ile, na waliozituma ni watu wa nyumbani.

Mvita_Leo
Mzee nimekusikia. Basi tuseme nitaifuta. Ndiyo maana nimekuja hapa, si kwamba mimi ni mbaya. Na hata yule kaka yake tushaelewana, kwa hivyo mnaweza kupoa.

Binti_Kibokoni
Mmeelewanaje?

Mvita_Leo
Kibinadamu.

Binti_Kibokoni
Kibinadamu kiasi gani?

Mvita_Leo
Mtaona ni kosa lakini sikilizeni kwanza. Ile video inaniletea wafuasi, na wafuasi ndio matangazo. Duka moja la simu limeshaniulizia bei. Nikiifuta nimepoteza. Nikamwambia anipe elfu ishirini kufidia ile hasara, hakulazimishwa. Ametuma elfu kumi kwa M-Pesa, nyingine mwisho wa mwezi. Yeye ni mtu wa mjengo, hakuwa nazo zote.

TuktukStage
Mimi mtu wa mizaha lakini hapa nimenyamaza.

Wakili_Pori
Kijana, hiyo haiitwi fidia. Kumwambia mtu alipe au aibu ya dada yake ikae hewani ni kudai pesa kwa vitisho, na hiyo ni jinai, hatuzungumzii faini ya data tena. Rudisha hizo pesa leo, na ujumbe wa M-Pesa wa kurudisha uuhifadhi.

Mvita_Leo
Vyombo vikubwa vinauza picha kila siku, sisi wadogo tukigusa senti ni jinai.

MuuzaMadafu
Samahanini nimechelewa. Nimesoma yote na nina neno moja: huyu anatupiga kamba. Tazameni akaunti imefunguliwa lini. Juma hili. Mimi nashusha madafu Kongowea alfajiri na kuondoka jua likichwa, upande wa vitunguu ndio njia yangu ya mkokoteni, sikusikia mama yeyote kupekuliwa juzi. Tena angalieni alivyoipanga. Kwanza mama, halafu simu kwenye magunia, halafu mtandio, halafu pesa. Kila mkiuliza anatoa kipande kimoja, kama mwenye tamthilia ya redio. Huyu ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, amepewa kazi ya maadili, sisi ndio tunamwandikia majibu.

TuktukStage
Uwiii. Kama ni hivyo mimi naomba nitajwe kwenye kazi yako, jina langu kamili nitakupa.

MzeeWaRedio
Nilianza kuhisi pale aliposema "kibinadamu". Watu hawasemi hivyo.

Mamu_wa_Majengo
Yaani nimelia bure?

Bahari_Kuu
Mimi nadhani ni mwenye peji kweli, ila anatafuta maudhui. Kesho tutajiona kwenye video yake, "watu wa mtandaoni walivyonihukumu".

Wakili_Pori
Iwe kweli iwe uongo, sheria niliyoieleza ni ile ile.

Mvita_Leo
Mimi mwongo? Mimi? Siku nzima nimekaa hapa natukanwa na bado naitwa mwongo. Akaunti nimefungua mpya kwa sababu ile nyingine ina jina la peji. Mwataka ushahidi, haya, linki hii hapa, jioneeni wenyewe:

[linki imeondolewa na msimamizi]

Binti_Kibokoni
Msimamizi ahsante, umekuwa mwepesi. Lakini mimi niliwahi kuifungua kabla haijaondolewa, na imefunguka. Kichwa ni kile kile. Kwa hivyo elfu kumi umekula, na video iko hewani.

Mvita_Leo
Elfu kumi ni nusu. Makubaliano ni ikitimia.

Bahari_Kuu
Na wenye kushea tayari? Facebook wenyewe walisema mwaka 2019, baada ya mauaji ya msikitini Christchurch, New Zealand, kwamba waliondoa nakala milioni 1.5 za video aliyoirusha muuaji ndani ya saa 24 za kwanza. Kampuni ile na mashine zake zote. Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe ukifuta ya kwako, zile zilizo kwenye magrupu ya WhatsApp ya Bamburi utazifuata nyumba kwa nyumba? Ndiyo maana kufuta peke yake hakumsaidii yule mama. Weka video nyingine, sura yako wewe, useme jina la soko na useme simu ilikuwa kwenye magunia. Na hiyo uilipie itangazwe, kwa zile elfu kumi ambazo sasa ni zake.

Wakili_Pori
Hapana, za mtu zirudi kwa mwenyewe. Tangazo alipie kwa zake.

Mvita_Leo
Runinga wanataka jibu kesho saa mbili asubuhi. Nilishawaambia ndio, tena kwa maandishi. Nikikataa sasa hivi hawatanichukulia kazi tena. Hakuna njia ya kuwapa lakini wafunike uso?

MuuzaMadafu
Nami niliiona ile video. Narudisha maneno yangu, ni kweli ni Kongowea, lile turubai la buluu nalijua. Ila si juzi. Ile njia ilikuwa na matope, na mvua tumeiona mara ya mwisho lini? Hii video ni ya zamani. Huyu mama amekuwa akizungushwa siku ngapi?

Binti_Kibokoni
Mvita_Leo, jibu hilo.

Binti_Kibokoni
Mvita_Leo?

TuktukStage
Ametoka hewani. Mimi bado nasubiri kutajwa.

Msimamizi
Nafunga uzi. Yeyote aliyehifadhi ile linki asiiweke hapa wala kuituma kwa wenziwe kwa ujumbe wa faragha, nitaondoa akaunti bila onyo. Mvita_Leo, sanduku langu la ujumbe liko wazi, na namba ya mtu wa msaada wa kisheria nimekuwekea huko. Mtumie yeye hayo maswali. Wakili_Pori anaongea vizuri lakini si wakili, ni fundi wa mafriji, alisema mwenyewe kwenye uzi wa mashamba.