Tarumbeta la babu, valvu ya tatu imeganda: lilitengenezwaje?

NdafuWaMarangu:
Habari za humu wakuu. Babu alikuwa mpulizaji kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wetu tangu ujana wake. Ametangulia, na chombo chake nimeachiwa mimi. Ni kama tarumbeta ila limenenepa kidogo, bomba linapanuka taratibu hadi mbele. Halina pistoni kama za bendi ya shule. Lina vibonyezo vitatu bapa, ukibonyeza kuna kitu kinazunguka ndani. Cha kwanza na cha pili vinacheza, cha tatu kimeganda. Maandishi yamefutika, nasoma "Markneukirchen" tu. Jamaa wa chuma chakavu pale Kiborloni anataka kuliweka kwenye mzani. Mwenye kujua lilivyoundwa anifafanulie. Na je, nimwagie dizeli au nigonge?

Mtoto_wa_Pasua:
Mzani tena? Usithubutu mkuu. Piga Brasso mpaka ling'ae, weka sebuleni.

MzeeBesi:
Marahaba, Ndafu, hata kama hujaniamkia. Nyundo weka chini. Brasso nayo iache: inasugua maandishi, na hilo neno moja lililobaki ndilo linalokuambia chombo kimetoka wapi.

Kwa maelezo yako hiyo ni flugelhoni ya Kijerumani. Markneukirchen ni mji wa Saksonia, mafundi wa ala za muziki wamejaa huko. Chama chao cha watengeneza fidla ni cha tangu 1677. Wamisionari wa Leipzig, nao wa Saksonia hiyohiyo, walifika Kilimanjaro 1893, na kupuliza kanisani ni desturi ya Walutheri wa kwao. Kwa hiyo kulikuta Marangu wala si ajabu.

Valvu zenyewe, yaani vile vibonyezo na kinachozunguka ndani yake, zilianza kupewa hataza Berlin mwaka 1818, kwa Stölzel na Blühmel. Hii yako ya kuzunguka ni ya Joseph Riedl wa Vienna, 1835. Pistoni za bendi ya shule ni kazi ya Périnet wa Paris, miaka michache baadaye.

Sasa shika chombo, kigeuze kwenye mwanga wa dirisha. Pale mbele panapopanuka utaona mstari mwembamba wa rangi tofauti kidogo, mara nyingi una meno meno. Hapo ndipo palipoungwa. Bomba linalopanuka huwezi kulivuta kwenye tundu likatoka limekamilika. Fundi alikata bati la shaba ya manjano, akachonga meno ukingoni, akayafumbata, akaunga kwa moto mkali na boraksi, kisha akaligonga juu ya kalibu ya chuma mpaka mshono ukalala. Kona nazo: walijaza bomba risasi iliyoyeyushwa au lami, ikaganda, wakakunja, wakapasha moto kuitoa. Bila kujaza, bomba lingebonyea kwenye kona.

Ndani ya kila valvu kuna rota, kigogo kifupi chenye mikondo miwili ubavuni. Ni kama koki ya maji: ukibonyeza inageuka robo mzunguko, pumzi inapitia kitanzi cha ziada. Cha pili kinashusha nusu toni, cha kwanza toni nzima, cha tatu toni moja na nusu. Rota ilisagwa ndani ya nyumba yake yenyewe mpaka ikakaa, kwa hiyo ukizitoa usizichanganye, na msasa usiziguse kabisa. Msasa ukila shaba kidogo tu, pumzi inavuja na hakuna wa kukurudishia.

Dizeli hapana. Chomoa kitanzi cha tatu, dondosha mafuta ya cherehani ndani, mengine chini ya kofia ya valvu na kwenye ekseli upande wa kibonyezo. Liache usiku kucha. Mafuta ya kupikia usijaribu, yanageuka gundi.

NdafuWaMarangu:
Shikamoo mzee, nisamehe kwa kuchelewa. Imelegea! Ila noti ya kidole cha tatu inatoka imebanwa, kama mtu mwenye mafua.

MzeeBesi:
Marahaba. Fungua ile kofia ya mviringo kwa vidole. Utaona alama ndogo kwenye ncha ya rota na nyingine mbili kwenye bamba linaloizunguka. Kibonyezo kikiwa juu, alama ya rota ikae sawasawa na moja. Ukibonyeza, ilingane na ya pili. Najua kwako hazilingani. Upande wa pili kuna vipande viwili vya kizibo vinavyoizuia rota. Vimelika. Kata kizibo cha chupa ya mvinyo kwa wembe, kiwe kinene kidogo, uendelee kupunguza mpaka alama zikutane.

Dada_Ngarenaro:
Mzee na mimi nina la baba, lina madoa ya waridi kwenye bomba la mdomoni. Ni uchafu?

MzeeBesi:
Mwanangu, hayo ni zinki iliyomo kwenye shaba ya manjano imekimbia, imebaki shaba nyekundu tupu, laini. Usiyasugue. Bomba la mdomoni linaumia mapema kwa sababu ya mate, ila fundi mzuri wa kulehemu anaweza kubadilisha hilo peke yake. Tuma picha ya kona ya kwanza baada ya mdomo.