Tupeane uzoefu: ghorofa mbili, ruta mbili, printa moja

Mja wa Tudor
Asalaam aleikum jamaani. Leo nimepita Mwembe Tayari kutoa fotokopi, nkamwona kijana apanda ngazi mbio, flashi mkononi, jasho lamtiririka. Punde ashuka na karatasi. Hata chenji sijapewa, apanda tena. Nkamuuliza, "Mwanangu, kwani juu na chini hakuna mtandao?" Akanambia, "Upo ami, lakini kompyuta za juu na za chini hazionani." Nilicheka, kisha nkajikumbuka mimi mwenyewe 2016, nilivyokesha ofisini nikiitafuta printa iliyokuwa nyuma ya ukuta nilioegemea. Aliyeyaonja haya atie neno.

Wakala wa Kilindini
Umenitonesha. Ofisi yetu ya kutoa mizigo, kando ya Moi Avenue, ilikuwa chini peke yake. Tajiri akakodi na ghorofa ya kwanza. Badala ya kuita fundi, akanunua ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kebo ikapandishwa kutoka chini, ikachomekwa kwenye lile tundu la rangi yake peke yake, la WAN, la kuingizia intaneti. Intaneti ikaja, tukashukuru.

Ikafika Ijumaa. Kontena la mteja limebakisha siku moja ya bure bandarini. Nyaraka ziko kwenye kompyuta ya chini, printa iko chini, mimi nimehamishiwa juu. Nafungua orodha ya kompyuta za mtandao, naiona yangu tu, kama yatima siku ya Idi. Nazima, nawasha. Nafuta printa, naiweka upya, haioni. Nabadilisha majina. Wenzangu washatawadha wanakwenda msikitini, mimi nabishana na kioo. Mteja apiga simu kila dakika tano, na ya sita ampigia tajiri.

Baadaye sana ndo nkaelewa. Kila kompyuta ina adresi, namba yake ya mtandaoni. Za chini zaanza na 192.168.1, za juu 192.168.0, yaani mitaa miwili. Kompyuta hutafutana kwa kupiga ukelele, "nani yuko hapa?", na ukelele huo ruta haiuvushi. Lakini ukiijua adresi huna haja ya ukelele. Ningeandika \\192.168.1.20 tu, folda ingefunguka, maana kutoka juu kwenda chini ruta yapitisha. Ni chini kwenda juu ndo mlango umefungwa, kwa kuwa ruta ya juu imewaficha watu wake wote nyuma ya adresi moja.

Siku ile sikujua. Nilipanda na kushuka na flashi mara kumi na moja. Kontena lilitoka Jumatatu, na siku za ziada zililipwa. Na nani, msiniulize.

Dada Kongowea
Yatima siku ya Idi 😂😂

Fundi Makupa
Wakala, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Chomoa kebo kwenye WAN, chomeka kwenye LAN, yale matundu ya kompyuta. Zima DHCP ya ruta ya juu, ile kazi yake ya kugawa adresi, na ruta yenyewe ipe 192.168.1.2 ambayo hakuna mwengine aitumia. Mtaa umekuwa mmoja, kila mtu amwona mwenziwe. Chai juu yako.

Kizingo Mtulivu
Nyinyi ndo mnaotuharibia maofisi. Mitaa kutengana si makosa kila pahali. Hoteli za Nyali huko, wataka mgeni wa waifai aone kompyuta ya hesabu? Weka ruta moja yenye akili katikati, fungua poti unazohitaji tu, yaani vile vijilango vya namba: 445 kwa mafaili, 9100 kwa printa.

Fundi Makupa
Nimesema ofisi ya watu sita, wewe waniletea hoteli. Yakhe, soma kwanza.

Dada Kongowea
Mimi poti naijua ya Kilindini tu, na hata hiyo kuingia shida.

Mwalimu wa Zamu
Nilikuwa nasoma kimya, lakini Kizingo amenikumbusha.

Shule moja, siitaji. Mimi mwalimu wa hisabati, na ukijua kupiga jedwali kwenye kompyuta basi ushakuwa fundi wa shule nzima. Ofisi ilikuwa 10.0.1, maabara ya kompyuta 10.0.2, zimetenganishwa makusudi. Maabara ikapata printa mpya, yachapa pande mbili. Wakubwa wakaitaka ofisini bila kuihamisha.

Nilihangaika siku mbili. Njia kwenye ruta nimeweka, printa haijibu. Kumbe aliyeipa adresi kwa mkono hakuijaza nafasi ya getiwei, yaani adresi ya ruta ya kutokea. Yasikia ukiita, jibu halijui litokee mlango gani. Nkajaza, ikachapa, nkapigiwa makofi.

Wiki ya mitihani. Printa ya ofisi na ya maabara ni za kampuni moja, majina ni mamoja, tofauti ni tarakimu tu mwishoni. Mwalimu wa kemia afungua mtihani wa kidato cha tatu, nakala 40, abonyeza. Kimya. Abonyeza tena. Abonyeza mara ya tatu.

Mimi niko maabara nafundisha. Nawafundisha nani? Kidato cha tatu. Printa ikaanza kukohoa. Kilichonitisha ni kwamba hakuna aliyepiga kelele. Darasa lile halijawahi kunyamaza vile. Kijana mmoja akainuka kwa adabu, akazipanga karatasi, akaniletea mezani: "Mwalimu, karatasi zako." Zilipaswa kuwa 120. Nilihesabu 117.

Dada Kongowea
Subhanallah!!! Na hizo tatu?

Mja wa Tudor
Mtihani ulifanywa ama?

Bwana Flashi
Mwaona? Flashi haijawahi kuchapa chumba kisicho chake.

Mpita Njia
Jamani dawa ni kuzima fayawoli, yule bawabu wa kompyuta, kabisa. Na kama skana ni ya kale, washa SMB1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushiriki mafaili.

Kizingo Mtulivu
Usimsikize mtu huyu! Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliingilia hukohuko SMB1. Fayawoli usizime. Windows ikiruhusu kushiriki mafaili, kwa kawaida huwaruhusu wa mtaa huohuo tu. Ingia kwenye ile ruhusa, ongeza mtaa wa pili, basi.

Fundi Makupa
Hapo nakubaliana nawe, ingawa sikupendi.

Wakala wa Kilindini
Mwalimu, rudi. 117 halafu?

Mwalimu wa Zamu
Mwalimu wa kemia alitunga mtihani mwengine usiku ule, kwa mkono, ukapigwa fotokopi mjini. Hakunisemesha muhula mzima. Zile printa nilizibadilisha majina: OFISI, na USIBONYEZE.

Dada Kongowea
Tumeuliza zile tatu.

Mja wa Tudor
Nimerudi kwa yule kijana nkamwonesha kuandika adresi. Ni kama Wakala alivyosema: juu yaiona chini, chini haiioni juu. Sasa akiwa juu ayafungua mafaili ya chini na kuyachapa bila flashi. Lakini akiwa chini hawezi kuitumia printa ya juu, ngazi bado azipanda. Fundi Makupa, waenda lini, nimpe namba ya tajiri wake?

Fundi Makupa
Kesho baada ya alasiri. Chai iwe tayari.

Dada Kongowea
Mwalimu, zile tatu.