Mifupa ya Manda na Faza: ruhusa ya nani?

Jana baada ya Isha, barazani Mkomani, hapa Lamu, tulibishana juu ya kuchukua mifupa ya makaburini kwa utafiti, mpaka kahawa ikapoa. Nauleta ubishi huu hapa kwa kuwa pale tuliondoka kila mtu na lake.

Chanzo ni ule utafiti wa vinasaba (DNA, alama za mwilini tunazorithi kwa wazazi) uliotoka mwaka 2023 katika jarida la Nature. Watafiti, akiwemo Mkenya mwenzetu Profesa Chapurukha Kusimba, walipima DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji 6 ya pwani, Manda, Faza na Mtwapa zikiwemo, na mji 1 wa bara. Wa pwani waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ni Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Damu ya Asia nayo ni nyingi, na sehemu kubwa yake imetoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Uarabu ukazidi baada ya 1500.

Mzee mmoja akagonga kikombe: "Si tuliwaambia sisi Washirazi, watu wa Uajemi!" Kijana akamuuliza, "Na nyanya zetu je, babu?" Tukacheka. Hapo hapakuwa na ugomvi.

Ugomvi ni jino. DNA ya mtu wa miaka 500 haitolewi kwa kupangusa mfupa na pamba. Hutobolewa jino, au ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio, ukawa unga. Ni kidogo, lakini hakirudi. Mwalimu wa madrasa akatukumbusha hadithi ya Mtume: kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja yu hai. Akajibiwa kuwa wale hawana mwenyewe, hata majina yao hatuyajui, na bila wao tungebaki na maneno ya wakoloni kwamba miji hii ilijengwa na wageni watupu.

Nusu ya jibu hilo naikubali. Lakini mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, mpaka ule wa miti wa karne ya 8. Kumbe Pate iliswali miaka 200 kabla ya huo mchanganyiko wa damu! Kujua hilo hakukuhitaji kusaga jino la mtu.

Na hilo la "hawana mwenyewe" silikubali hata kidogo. Bibi yangu, mzaliwa wa Faza, akipita makaburini husimama akawasomea Fatiha watu asiowajua. Yeye ndiye mwenyewe.

Kibali cha serikali hutoka Nairobi, sawa. Ila kabla ya jembe, mji ukalishwe chini uambiwe waziwazi kwamba jino litasagwa, na litakalobaki litawekwa wapi. Na majibu yarudi hapa kwa Kiswahili. Jana mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria wazee muhtasari wa Kiingereza kwenye simu. Neno "vinasaba" peke yake lilikula nusu saa.

Mwalimu alinisikiliza, akavaa makubadhi yake, akasema: hata mji mzima ukikubali, maiti hajakubali. Sikuwa na la kumjibu. Mwenye nalo alilete.