Msaada: mvua inakaribia na nyumba yetu iko kando ya mto Kawa. Tuanzie wapi?

Mama Wawili
Jambo kwenu. Tunapanga nyumba ya mbao Kadutu, hapa Bukavu, bondeni kabisa, karibu na mto Kawa. Msimu uliopita maji yalitukuta usingizini, yakapitia mlango wa nyuma hadi usawa wa kitanda. Unga, madaftari ya watoto, godoro, vyote vilikwenda. Sasa Septemba imeingia. Baba watoto anataka tununue simenti, tuinue kizingiti na kujenga kaukuta mbele. Mimi naona pesa hiyo ingetafuta nyumba nyingine, ila za juu mlimani wanadai garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi mingi. Tena tunaishi na bibi, miguu yake haina nguvu. Mngefanya nini?

Papa Essence
Hameni. Basi.

Fundi wa Funu
Papa Essence, utawalipia garanti?

Mama, kizingiti kinasaidia kwa maji yanayoingia polepole. Mto ukishuka kwa nguvu, kaukuta kanaanguka, au kanasukuma maji kwa jirani na kesi inafika kwa shefu wa avenyu. Ningetumia nguvu kwanza kwenye kanivo, ule mfereji wa maji ya mvua. Fuateni maji yanakotoka, nyumba kama kumi juu yenu, mtoe sashe (mifuko ya plastiki) na matope kabla ya mvua kubwa. Fanyeni na majirani, maana wapo wanaosubiri mvua inyeshe ndipo wamwage taka zao ili zishuke kwenu. (Hao wanajijua.)

Na kabla hujatoa garanti ya nyumba ya juu, itazame vizuri. Bukavu si kila mlima ni usalama, udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa unateleza. Ufa mpya ukutani au ardhini, mlango ulioanza kukwama ghafla, mti au poto (nguzo ya umeme) iliyoinama, maji yanayochuruzika pale palipokuwa pakavu: ukiviona hivyo, usipange hapo. Na mkiwa tayari ndani, tokeni usiku huohuo.

Mtoto wa Kalehe
Naunga mkono. Tarehe 4 Mei 2023, kwetu Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maji yalishuka na mawe na miti. Ukisikia mlima unanguruma, au mto umebadilika rangi ghafla kuwa tope, usirudi kuchukua redio. Nendeni pembeni, mbali na njia ya maji, msikimbie kufuata mto.

Kuhusu bibi, amueni leo nani anambeba na mlango upi. Mvua ya usiku ikizidi, mhamishieni kwa ndugu mapema, hata kama mtachekwa asubuhi.

Muganga Dada
Mimi ni muuguzi. Kadi za uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa, fishi za chanjo na dawa za bibi viwekwe kwenye sashe mbili, moja ndani ya nyingine, zifungwe vizuri na zining'inizwe karibu na mlango. Zipigeni picha pia, mtumie ndugu aliye mbali.

Dijonkta, swichi kuu ya umeme, ishushwe maji yakiwa bado nje. Yakishaingia, usiiguse ukiwa umesimama majini.

Baada ya mafuriko ndipo kipindupindu kinapotutafuta, kwa sababu vyoo vimechanganyika na maji. Chemsheni maji ya kunywa hadi yatokote kabisa. Makaa yakikosekana, chukueni javel (dawa ya klorini ya kufulia) ya asilimia 5 isiyo na manukato: matone 2 kwa litre, mkoroge, msubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachujeni kwa kitambaa safi kwanza, kisha muweke matone 4. Mtoto akianza kuharisha, litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogokidogo huku mkimpeleka kituo cha afya.

Mama Wawili
Asanteni sana. Baba watoto amesoma, amenyamaza kwanza. Kanivo tumekubaliana Jumamosi na majirani wanne. Swali moja: lile godoro tulilianika jua la wiki nzima, bado linanuka. Na mbao za chini zimeanza kuoza.

Muganga Dada
Sponji iliyokunywa maji ya choo haisafishiki, dada. Litupeni, hata kama inauma. Nguo na sahani zinaoshwa kwa sabuni, kisha maji ya javel.

Fundi wa Funu
Kwa mbao, ongea na mwenye nyumba kwanza. Akikubali, ng'oa ubao mmoja wa chini kila upande: utakuta tope limeganda nyuma yake, na ndilo linalozioza. Likwangue, acha upepo upite mpaka mti ukauke hadi ndani, ndipo upigilie tena. Safari nyingine ondoeni tope likiwa bado laini, likikauka mtahitaji jembe. Misumari usitupe, inanyooshwa.

Papa Essence
Jumamosi saa ngapi? Nina bero (toroli) moja na sepeto mbili.