Exhibit B kufutwa London: walioandamana walikosea?

Mpenda Jukwaa: Wadau tujadili kiungwana. 2014 Barbican, kituo cha sanaa cha London, walitaka kuonyesha onyesho la Exhibit B la Brett Bailey, mzungu wa Afrika Kusini. Waigizaji weusi wanasimama kimya kama kwenye yale maonyesho ya enzi za ukoloni, weusi wanawekwa watazamwe kama wanyama, we unapita wanakukazia macho tu, kuna mwanamke kafungwa mnyororo kwenye kitanda cha afisa wa kikoloni. Watu zaidi ya 20,000 wakasaini kupinga, siku ya kwanza wakaziba njia, likafutwa. Mi naona walikosea, wengi hata hawakuliona.

BintiTanga: Kaka sumu haionjwi. Mzungu anatufunga minyororo tena halafu tiketi unalipa!

Mzee wa Nauli: Mbona waigizaji wenyewe walilitetea? Wale si weusi, hawana akili zao? Ila nyie wa majuu mna hasira za kukodi, sie huku tunawaza nauli.

BintiTanga: Hasira za KUKODI?? Nina miaka 11 huku, juzi kwenye basi nimekaa tu, mama wa pembeni kavuta pochi yake kaikumbatia mpaka nashuka. Njoo ukodi na hiyo.

Mzee wa Nauli: Pole dada, ila hata mi Kariakoo pochi zinakumbatiwa nikipita na ni weusi wenzangu 😂

Mchagga Mtupu: Mnacheka. Humo kwenye hilo onyesho kuna waimbaji wa Namibia wametokeza vichwa tu wanaimba, maana Wajerumani walisafirisha mafuvu ya Waherero na Wanama wa Namibia kwenda kuyapima kwao Ujerumani. Na sisi je? Mangi Meli, chifu wetu Wachagga, Wajerumani walimnyonga Old Moshi 1900, na ukoo wake umetafuta kichwa chake huko Ujerumani miaka na miaka. Hilo ndo la kuzibia njia.

BintiTanga: Mi nimecheka saa ngapi? Mwambie huyo wa nauli.

Mzee wa Nauli: Nimeshasema pole, unataka nipige magoti?

Mpenda Jukwaa: Jamani turudi kwenye mada, sanaa lazima ikuumize kidogo, ukitaka raha si uende taarabu.

BintiTanga: Taarabu imekukosea nini sasa? Na we hilo onyesho uliliona wapi?

Mpenda Jukwaa: Niliona picha.

BintiTanga: PICHA 😂😂😂

Mzee wa Nauli: Hapo niko na dada.

Mchagga Mtupu: Kwa hiyo kichwa cha Mangi ndo kimepita hivyo?