Kijijini simu inaandika E tu, nataka kufungua kituo cha intaneti, nianzie wapi?

Mngoni_Mpole:
Wakuu habari za jioni. Mwaka huu nimerudi nyumbani, kijiji kipo wilaya ya Namtumbo mkoa wa Ruvuma. Mnara upo ila simu inaandika E muda wote, yani unafungua pdf moja unaenda kisimani unarudi bado inazunguka. Madogo waliomaliza form six wakitaka kuomba mkopo wa chuo HESLB (bodi ya mikopo) wanapanda boda mpaka mjini, elfu 15 kwenda na kurudi na hapo hujalipa steshenari. Nina laptopu 2, sola ndogo, na akiba kama milioni moja na nusu. Nataka nikodi kachumba karibu na ofisi ya mtendaji niweke intaneti na printa, jioni niwe nafundisha watu kompyuta. Mtandao wa maana naupataje? Nawaza na Starlink, ile intaneti ya setilaiti.

fundi_antena:
Mkuu usianze na kununua. Hiyo E ni 2G, mtandao wa zamani wa kasi ndogo, hata ulete rauta ya laki 5 ukiiwekea laini ya mnara huohuo utapata E ileile. Tafuta simu yenye 4G, azima laini za mitandao yote, ingia kwenye setingi chagua 4G peke yake halafu panda kilima, panda hata kwenye mwembe, zunguka taratibu. Ukiona kistari kimoja tu kimesimama umepona, maana antena ya simu ni ndogo sana, hapo rauta ya laini yenye matundu ya antena ya nje na mlingoti mrefu inakaza vizuri tu. Na tafadhali mlingoti uwe na waya wa kushusha radi ardhini, kwa radi za Ruvuma ukisahau hilo msimu mmoja unabaki na maboksi.
Starlink wenzetu Kenya wanayo tangu 2023, ila huku uliza kwanza kama imeruhusiwa, usije ukaletewa dishi la magendo. Na ukitaka kuuza wifi kwa vocha kaulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, habari ya leseni.

Kijana_wa_kata:
Muulize mtendaji au diwani kama kata yenu imo kwenye ile minara 758 iliyosainiwa 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kulikuwa na fungu jingine la kuipandisha minara ya 2G. Usije ukatumbukiza akiba yote halafu mwezi ujao 4G ikawashwa bure 😂

mama_steshenari:
Mimi nipo kijijini kabisa na nina steshenari mwaka wa 4 huu, mtandao sio kilichonitesa. Kwanza printa, usinunue ya leza kama unatumia sola, ile ikipasha inavuta wati mamia inveta inazima, chukua ya wino. Sasa kosa langu mimi, watoto wengi hawana simu au wana kiswaswadu, nikawa nawafungulia emaili wote kwa namba yangu, paswadi nazijaza kwenye daftari. Laini ikapotea. Dirisha la mkopo likafunguka, mtoto anataka kuingia, msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye namba ambayo sina, na daftari panya wameshalila nusu. Mama mmoja mpaka leo hanisalimii na simlaumu. Siku hizi natumia namba ya mzazi, kama hana tunasubiri asajili laini, na paswadi mtoto anaandika mwenyewe kwa mkono wake hata kama anatafuta herufi dakika 20 na foleni inanuna.
Na wazee usiwasahau, wale hawataki kompyuta, wanataka kujua meseji ya "ile hela tuma kwa namba hii" inatoka wapi. Nilivyowaelekeza hilo ndo wakaanza kuwaleta wajukuu.

fundi_antena:
Daftari la panya 😂😂 ila mama umesema kweli, mi mwenyewe kuna emaili za watu ninazo.

Mngoni_Mpole:
Wakuu mrejesho. Mwembe wa pale shuleni, nimepanda juu kabisa, 4G vistari viwili ukigeukia upande wa barabara kuu! Nikishuka inapotea. Mwalimu mkuu amekubali mlingoti uwe pale ila anataka darasa la jumamosi liwe bure kwa watoto wake, nimekubali. Fundi, mabomba ya maji ya inchi mbili yanafaa kwa mlingoti au yatayumba?